Koti Langu Lilibaki Nje

Kitasa cha kwanza nilichokishika Canberra kilinipiga. Hakikuniumiza, ila cheche ndogo iliruka kutoka kwenye chuma hadi ncha ya kidole, ikalia "ta!", nami nikarudi nyuma nikimtazama mpwa wangu kama mtu aliyenitega. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Karibu Australia, Mjomba. Utazoea. Ukishuka garini shika kwanza bati la mlango kabla hujakanyaga chini, halitakupiga."

Ilikuwa Julai. Kwetu Malindi mwezi huo ni kusi. Watu wanajifunika shuka alfajiri na kulalamika baridi, na baridi yenyewe ni ya kutafutiwa kikombe cha kahawa tungu tu. Kule nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, zikivunjika chini ya viatu kama kaukau. Hewa ilikuwa kavu hata midomo ikapasuka siku ya pili, na ndani ya nyumba mashine za joto zinaikausha zaidi. Nilivua sweta usiku nikasikia likitatarika, na taa ilipozimwa nikaona vimulimuli vya umeme vikikimbia kwenye mikono yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuona wivu. Mimi ni mwalimu wa fizikia na kemia, mwaka wa kumi na tisa huu. Kila mwaka nafika kwenye somo la umeme tuli, nachukua rula ya plastiki, naisugua kwenye nywele, naishusha juu ya vipande vya karatasi, na kila mwaka karatasi zinalala pale pale kama wagonjwa. Mtu anaweza kuzaliwa pwani, akaoa na akazeeka, asipigwe na kitasa hata mara moja. Hewa yetu ni mvua isiyonyesha. Chumvi ya mezani inaganda kwenye kichupa, kiberiti kinagoma, shati lililoanikwa jioni linaamka bichi. Unyevu huo huweka utando mwembamba wa maji juu ya kila kitu, na chaji inateleza juu ya utando huo ikatoroka kabla haijakusanyika. Wanafunzi wangu huniamini kwa sababu kitabu kimesema. Canberra nilisugua rula mara moja tu, jikoni kwa mpwa wangu, na vipande vya karatasi vikaruka kama panzi. Nilirudia mara sita. Yeye alikuwa akinitazama akikoroga uji, hakusema neno.

Ni binti wa dada yangu mkubwa, yuko huko kwa shahada ya uzamivu. Kabla sijasafiri aliniandikia kwamba kazi yake ni kupima jinsi dhahabu inavyoivuta au kuisukuma oksidi ya titani ndani ya maji. Ujumbe ule niliusoma ndani ya matatu, nikausoma tena, nikadhani amekosea kuandika. Dhahabu ninayoijua mimi haivuti kitu ila watu.

Mji wenyewe nitaupitia haraka, maana sikuuelewa. Uliumbwa kwenye karatasi kwanza: mwaka 1912 msanifu wa Kimarekani, Walter Burley Griffin, alishinda shindano la kuuchora, na ziwa lililo katikati yake, linaloitwa kwa jina lake, lilijazwa maji mwaka 1964. Ziwa la kujaza! Kila kitu kiko mbali na kila kitu, katikati kuna miti, na miti hiyo ni mikaratusi. Nilisimama chini yake nikaona aibu kidogo, kwa kuwa maisha yangu yote nimeichukulia mikaratusi kuwa ni miti yetu ya nguzo za umeme na za kujengea. Kumbe ni mgeni aliyetoka kwao huku. Hii ya mjini haikatwi nguzo. Imeachwa izeeke, ibanduke magome, na juu yake wamekaa kasuku weupe wenye shungi la manjano wanaopiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta.

Katika fani ya mpwa wangu, lakini, Canberra ni kama Lamu kwa majahazi: hakuna anayeijua kazi asiyeujua mji. Katika miaka ya 1970 Jacob Israelachvili, aliyetoka Cambridge, alikuwa hapo na chombo cha kupimia kani kati ya vipande viwili vya ulanga, jiwe lile linalobanduka kama maganda ya kitunguu na lililowahi kuchimbwa milima ya Uluguru. Mwaka 1978 yeye na Adams walichapisha vipimo vya kani ndani ya maji yenye chumvi, kutoka umbali wa nanomita 100 mpaka kugusana. Kisha mwaka 1991, chuoni hapo hapo, Ducker, Senden na Pashley waligundisha kipira cha kioo kwenye ulimi wa hadubini ya kani ya atomi wakapima kwa njia rahisi zaidi. Njia hiyo ndiyo wanayoitumia mpaka leo. Tangu hapo watu wamebadilisha kipira na kilicho chini yake kwa kila namna: kioo, alumini iliyoota oksidi, titani, dhahabu tupu, dhahabu iliyopakwa.

Nanomita ni milimita moja iliyokatwa mara milioni. Ukucha hukua karibu nanomita moja kwa sekunde. Tangu uanze aya hii wako umeongezeka nanomita kadhaa.

Siku ya kwanza ya maabara nilivaa koti langu zuri. Sanduku langu alilifunga dada, na hakuna nguo iliyoingia humo bila kupita juu ya chetezo. Udi aliochoma ni ule anaouweka kwa harusi. "Usiende kunuka ndege mbele za watu," aliniambia. Basi nilifika mlangoni pa maabara nikinukia kama bwana harusi, na mpwa wangu akavuta pumzi, akasita, vile anavyosita mtoto aliyelelewa vizuri anapotaka kumwambia mkubwa jambo zito.

"Mjomba, usinielewe vibaya. Koti libaki nje."

Nilidhani ni kwa sababu ya vumbi. La, ni kwa sababu ya harufu. Harufu ni molekuli, akasema, na molekuli za mafuta zinazoelea hewani zikikuta dhahabu safi zinatua juu yake na hazishuki. Niliona anatia chumvi. Hakubishana. Alitoa kijikioo kilichopakwa dhahabu, kimetoka kusafishwa dakika hiyo, akadondosha tone la maji juu yake. Tone lilisambaa likawa utando, kama kwamba dhahabu ilikuwa na kiu. Akachukua kingine kama hicho, akakiweka korido, kwenye kiti nilichotundika koti. Baada ya chai tulirudi, akadondosha tone. Safari hii lilisimama wima, la mviringo, likitetemeka kama umande juu ya jani la gimbi. Kwa macho yangu dhahabu zote mbili zilikuwa sawasawa, zinang'aa, za kumvika bibi harusi. Ya pili ilikuwa imevaa nguo isiyoonekana. Aliongeza, kwa haki, kwamba hata pasipo udi hewa ya kawaida ingeichafua, ila taratibu. Koti lilikaa korido wiki tatu.

Nililifikiria sana jambo hili. Kwetu kunukia ni heshima unayompa mwenyeji. Mgeni anayeingia na harufu ya udi anakuwa ameshasalimia kabla hajafungua kinywa. Kule heshima ni kuingia bila harufu yoyote, kuwa si kitu. Na wanavyosafisha! Mpwa wangu hushika vitu kwa koleo tu, hata kile ambacho kidole kingekishika vizuri zaidi. Anasuuza kwa spiriti, anasuuza kwa maji, mara tatu kila kimoja, kwa mpangilio usiobadilika kama mtu anayetawadha, kisha anakausha kwa pumzi ya naitrojeni inayotoka kwenye bomba, kisha anaweka chini ya taa ya urujuanimno ili mabaki ya mafuta yaungue. Maji yenyewe hutoka kwenye mtambo ukutani, na juu yake namba inasoma 18.2. Hicho ni kipimo cha jinsi yanavyokataa kupitisha umeme. Ikishuka, maji hayo humwagwa. Niliyaonja kwa siri. Hayana ladha hata ya maji. Mimi nimekunywa maji ya kisima yenye chumvi utotoni, na kwangu maji yasiyo na ladha yalikuwa kama sauti ya mtu asiye na lafudhi ya popote.

Katika siku tano za kazi, nilizihesabu, siku moja ndiyo ya kupima. Nne ni za kuosha.

Sasa hiyo dhahabu. Mama zetu wana neno moja la kuiua pete: ya kuchovya. Ukisikia mkufu umeambiwa hivyo sokoni, ujue posa imeingia doa. Kule kuchovya ndiyo kazi. Wanachukua vipira vya kioo, kila kimoja upana wa maikromita 20 hivi, yaani vitatu vinne vikikaa bega kwa bega vinatosha upana wa unywele. Wanavitia ndani ya pipa la chuma, wananyonya hewa yote, wanachemsha dhahabu mpaka inakuwa mvuke, na mvuke unatua juu ya vipira kama moshi unavyotua kwenye dari la jiko. Unene ni nanomita 50. Chini yake hutangulia utando mwembamba zaidi wa kromiamu, kwa kuwa dhahabu haishiki kioo. Ni malkia asiyekaa chini bila mkeka. Sonara wa Mji wa Kale, Mombasa, angecheka akisikia uzito wa dhahabu hiyo, kisha angeuliza hesabu inakuwaje wakigawana.

Halafu huchovywa tena, safari hii katika spiriti yenye molekuli ndefu ambazo mguu wake mmoja ni salfa. Salfa hushika dhahabu na haiachi. Mwili wa molekuli husimama juu, ukibanana na wenzake kama mianzi kwenye ua, na kichwani ina kundi la asidi. Usiku mmoja unatosha. Asubuhi dhahabu imeota zulia lenye unene wa nanomita moja au mbili, na kutoka hapo maji hayaigusi tena dhahabu, yanagusa vichwa vya asidi. Kichupa cha dawa hiyo kinanuka yai viza. Nilimuuliza mpwa wangu inakuwaje udi wa mamake ufukuzwe na hiki kiingie. "Hiki tumekialika, Mjomba."

Kuvigundisha vipira ndiko nilikokuona kwa karibu kuliko yote, kwa kuwa aliniruhusu kutazama kwenye tundu la pili la hadubini. Ulimi wenyewe ni kibapa cha silikoni chenye umbo la V, urefu wake moja ya tano ya milimita, na kwa macho matupu ni kama kijivumbi kwenye ukingo wa kijibao. Alichovya ncha ya waya wa tangsteni kwenye gundi ya kuchanganya, akaishusha kwa kizungusho, akaugusa ulimi, akaacha alama ya gundi ndogo kuliko nukta. Akafuta waya. Akaokota kipira kimoja kwa waya huo huo: hakukibana, kiling'ang'ania chenyewe, kama unga kwenye kidole. Akakishusha. Wakati huo hakupumua, na mimi sikupumua, na saa ya ukutani ikawa na kelele. Kipira kilikaa kando ya gundi, kikabingirika, kikaanguka. Alikamata kingine. Cha nne ndicho kilichokaa. Nilikumbuka mafundi wa kalafati pale ufukweni kwetu wanavyosukuma pamba kwenye nyufa za mashua kwa nyundo na patasi, wakiimba, wakibishana mpira wa jana. Wao wakikosea wanapiga tena. Huyu akikosea ametupa kutwa nzima, na hakuna wimbo.

Saa nne na nusu kazi husimama. Huo ni mwiko wao: chai ya asubuhi. Watu wote hutoka, profesa, mafundi wa karakana, wanafunzi, bibi wa ofisi, wakakaa kwenye meza moja ndefu, na kila mmoja huosha kikombe chake na kukirudisha kwenye ndoano yake. Kuna kopo la sarafu za maziwa, na hakuna anayelilinda. Profesa wa mpwa wangu, mama wa makamo mwenye sweta lililotoboka kiwiko, alinitaka nimwite kwa jina lake la kwanza. Mdomo wangu ulikataa. Katika chumba chetu cha walimu chai huletwa, na kikombe cha mwalimu mkuu kina sinia lake. Mwishowe nilimwita Mwalimu, nikamweleza maana yake, akalifurahia jina hilo kuliko profesa. Alinisimulia kwamba hesabu wanazozitumia zilipatikana mara mbili: Derjaguin na Landau katika Urusi ya Kisovieti mwaka 1941, kisha Verwey na Overbeek kule Uholanzi, waliochapisha kitabu chao 1948. Vita ilikuwa katikati na wawili hawa hawakupata habari za wale. Herufi za kwanza za majina yao manne ndizo jina la nadharia.

Mashine ya kupimia inagombewa. Kuna karatasi mlangoni yenye saa na majina, foleni ya kimya, tofauti kabisa na foleni ya mitungi kwenye kioski cha maji ambapo nafasi yako huilinda kwa ulimi. Mpwa wangu alikuwa ameandikisha usiku, kwa makusudi. Mchana lori likipita barabarani, ulimi hutetemeka. Mtu akipanda ngazi, hutetemeka. Nilitarajia, kwa chombo cha bei kubwa vile, kukuta msingi wa zege uliozama ardhini. Nilikuta kimewekwa juu ya bamba zito la jiwe, na bamba limening'inizwa kwa mipira kutoka kwenye miguu mitatu ya chuma, mipira ile ile ya kuvutika, ndugu wa ile tunayokata kwenye tyubu ya baiskeli kufungia kreti za soda nyuma ya bodaboda. Nilicheka kwa sauti. Mpwa wangu alisema ukiondoa mipira ile, mengine yote ni mapambo.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Kipira cha dhahabu kiko chini ya ulimi. Chini yake, kama kiganja kinachosubiri, kuna kipande cha fuwele ya oksidi ya titani kilichopigwa msasa mpaka kikawa kioo. Kati yao ni maji. Mwale wa leza hupiga mgongo wa ulimi na kuruka hadi kwenye jicho la umeme. Fuwele hupandishwa polepole, na ulimi ukisukumwa au ukivutwa hata kidogo, doa la mwanga linahama. Kani anazozisoma ni kama uzito wa mbu mmoja uliogawanywa mafungu elfu mbili, na huweza kusoma ndogo kuliko hizo. Nilimuuliza mizani hiyo inahakikiwa na nani, kwa kuwa kwetu mizani ya samaki hupigwa muhuri na bado mtu hununua kilo akafika nyumbani na robo tatu. Alinionyesha: huuacha ulimi peke yake, mbali na kitu chochote, akausikiliza unavyotetemeka kwa joto la chumba tu. Ulimi laini hutetemeka sana, mgumu kidogo. Kutokana na mtetemeko huo anahesabu ugumu wake. Hakuna jiwe la mizani. Joto lenyewe ndilo jiwe.

Jambo moja lilinishangaza zaidi, nalo nililielewa saa nane za usiku nikiwa na blanketi mabegani. Hajui kipira kiko umbali gani kutoka kwenye fuwele. Anajua tu kimesogea kiasi gani. Mpaka vigusane ndipo anapata sifuri yake, kisha anarudi nyuma kuhesabu njia iliyopitwa. Ulanga wa Israelachvili haukuwa na shida hiyo. Umbali ulipimwa kwa rangi za mwanga. Huku, mpaka ufike.

Usiku wa kwanza hatukupata kitu. Usiku wa pili kipira kilibanduka. Usiku wa tatu mstari ukatokea kwenye skrini. Maji yalikuwa na asidi kidogo, pH 4. Katika hali hiyo oksidi ya titani hubeba chaji chanya, na vichwa vya asidi juu ya dhahabu vimeanza kuwa hasi. Mstari ulitoka mbali, umelala kama bahari ya kaskazi, ukaanza kuinama, halafu ghafla ukadondoka: kipira kilirukia fuwele na kuishika. Akabadilisha maji, akatia magadi makali mpaka pH 9. Oksidi hiyo hugeuza chaji yake mahali fulani karibu na 5 au 6, na juu ya hapo inakuwa hasi kama mwenzake. Safari hii mstari ulianza kupanda, taratibu kwanza, kisha kwa mwinuko mkali, kama tuta la mchanga la Mambrui ukilipanda kutoka baharini. Dhahabu ile ile, jiwe lile lile, yamebadilishwa maji tu, na waliokuwa wakikimbiliana sasa hawataki kuonana.

"Sasa tia chumvi," alisema, akanipa mimi kijiko.

Mpaka hapo maji yalikuwa na chumvi ya kuhesabu punje, miligramu 58 kwa lita, na msukumo ulianza kuonekana tangu umbali wa makumi ya nanomita. Chumvi ikiyeyuka hutoa ioni, na ioni za chaji tofauti hulizingira kila umbo lenye chaji kama watoto kwa muuza barafu, mpaka aliye nje hajui ndani kuna nani. Unene wa wingu hilo, kwa chumvi kidogo vile, ni karibu nanomita 10. Tulipoiongeza mara mia, ukawa nanomita 1. Tuta la mchanga likawa ukuta mfupi. Kipira kilikaribia na kukaribia bila kusikia chochote. "Na maji ya bahari?" niliuliza. Chini ya nusu nanomita, alisema. Ndani ya bahari chaji hizi ni kama hazipo. Kinachobaki ni ule mvuto mwingine, unaovuta kila kitu kwa kila kitu kikikaribia vya kutosha.

Tulinyamaza kidogo. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilingoja neno hilo tangu mwanzo wa wiki: "Mjomba, Sabaki."

Asiyepajua Malindi nimweleze. Kaskazini ya mji Mto Sabaki unaingia baharini, na mvua zikinyesha bara mto huo huja mwekundu. Bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa mpaka mbele ya hoteli, na wageni hulalamika. Chembe za udongo ule zina chaji hasi. Katika maji baridi ya mto husukumana, kwa hiyo haziwezi kushikana, kwa hiyo haziwezi kuzama, na zinasafiri zikielea mamia ya kilomita. Zikifika mlangoni pa bahari chumvi inazivua ile chaji. Zinashikana, zinakuwa vibonge, zinatua. Mto pia hupoteza kasi hapo, ni kweli, lakini si kasi peke yake. Matope tunayozamisha miguu tukienda kutega kamba ni nadharia ya Derjaguin na wenzake, imemwagwa hapo kwa tani. Na mama yangu, bibi yake huyu, aliyekuwa akizungusha donge la shabu ndani ya pipa la maji ya mto mpaka yakatulia na kuwa meupe, alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo kwa ioni za alumini, ambazo zina chaji nene kuliko za chumvi na hazihitaji kuwa nyingi. Jirani zetu walitumia mbegu za mlonge zilizotwangwa. Hakuna aliyepima kitu.

Kabla sijaondoka niliomba kuishika ile fuwele, kwa koleo bila shaka. Nilikuwa na sababu yangu. Oksidi ya titani ndiyo rutile, na rutile ilichimbwa kwetu Kwale na kampuni ya Kiaustralia kwa zaidi ya miaka kumi, ikapakiwa melini Likoni, mpaka uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Nilikuwa nimeshaandaa sentensi ya kuandika: kipande cha nyumbani kimenitangulia huku. Nilimuuliza Mwalimu. Alicheka kwa upole. Hiyo ilikuzwa kwenye tanuri, kutoka unga uliosafishwa. Rutile ya mchangani ina chuma ndani yake, ni ya hudhurungi hadi nyeusi, haifai kwa kipimo. Ya Kwale, alisema, ina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye ukuta huu, akagonga rangi nyeupe ya korido, juu tu ya koti langu.

Nimerudi, na somo la umeme tuli limefika tena. Rula imegoma kama kawaida. Safari hii sikuisugua mara ya pili. Nilichukua chupa mbili za maji ya Sabaki, nikatia kijiko cha chumvi katika moja, nikazitikisa zote na kuziweka dirishani. Kabla ya kengele, ile yenye chumvi ilikuwa na matope chini na maji yanayopenya mwanga juu, na ya pili ilikuwa bado chai. Wanafunzi waliacha kuandika wakaja dirishani wenyewe. Walimu wenzangu wa pwani, kama mna mto karibu, wekeni rula kabatini. Chumvi ya jikoni inatosha, na unyevu hauizuii.